Nyama za Pua na Sindano Iliyo Mbali

Katika maboma ya Soitsambu, mahali ambapo nyanda za Loliondo zinaukaribia mpaka wa Kenya na kuielekea Serengeti upande wa magharibi, maziwa hayaonjwi kwa ulimi peke yake. Kibuyu husafishwa kwa kaa la mti wa oloirien, yaani mzeituni wa mwituni, hata moshi wake ukapenya gamba lake, na maziwa yakitiwa humo hupata harufu ambayo Mmaasai aliyelelewa huko huitambua kabla hajapokea kikombe. Basi na tumdhanie mama wa makamo, katika boma mojawapo, ambaye huu ni mwaka wa tatu haisikii tena harufu hiyo. Pua yake imeziba pande zote mbili, usiku hulala kinywa wazi, makamasi humteremkia kooni, uso wake umejaa uzito usiopungua, na vumbi la kiangazi likichachamaa pumu humbana kifua. Hafi kwa maradhi haya, na kwa kuwa hafi, hayupo anayemhesabu.

Matabibu wa leo huyaita maradhi hayo uvimbe sugu wa sainasi wenye nyama za pua. Sainasi ni vile vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso, kandokando ya pua, chini ya macho na juu ya nyusi. Uvimbe wa utando wake ukidumu wiki 12 au zaidi huhesabiwa kuwa sugu, na kwa baadhi ya watu utando huo hulowa, hulegea, ukaning'inia katika njia ya hewa kama tembe za zabibu zilizomenywa, laini, za kijivu, zisizo na maumivu. Katika nchi za Ulaya na Amerika, ambako hesabu zilifanywa, inakisiwa kwamba mtu 1 hadi 4 katika kila 100 anayo hali hiyo. Na tangu mwaka 2019 umepatikana kwa ajili yake mlango mpya wa tiba, nao ni dawa za kibayolojia, ambazo haziundwi kwa kuchanganya kemikali bali hutolewa na chembe hai zinazofugwa viwandani. Nia yangu katika maandiko haya ni kuupima mlango huo kutoka Soitsambu, wala si kutoka mji ambao dawa hizo ziliandikiwa. Kwa sababu nimesadiki kwamba kitu kinachoitenga sindano hiyo na mama yule si bei tu, ingawa bei ni kubwa mno, bali pia ni kutojua uvimbe wake ni wa namna gani.

Hebu tuanze na jina, maana jina likikosewa dawa hupotea njia. Watu wetu husema "nyama za pua" na kukusanya chini ya neno hilo mambo matatu au manne yasiyo na undugu. Mtoto anayekoroma na kupumua kwa mdomo huambiwa ana nyama za pua, na aghalabu zake ni tezi zilizo nyuma ya pua, ambazo kwa kawaida hunywea zenyewe akikua. Mtu mwenye mzio hujitazama kwenye kioo akaona kinundu chekundu kikivimba ubavuni mwa tundu la pua, naye huogopa nyama, kumbe ni kiungo chake halali cha kupasha hewa joto. Na mtu mzima ambaye tundu moja tu limeziba, likitoa damu mara kwa mara, naye huambiwa vivyo hivyo, hali yake ikiwa ndiyo ya kuogopwa kuliko zote, kwani nyama ya upande mmoja huweza kuwa saratani na haifai kusubiri hata wiki moja. Nyama ninazozizungumzia hapa huwa pande zote mbili, huwapata zaidi watu wazima, na alama yake iliyo dhahiri ni kupotea kwa harufu.

Wayunani wa kale walizipa jina la pweza, kwa kuwa waliziona kama mnyama wa baharini mwenye miguu mingi aliyejishikiza mwambani, na Hippocrates alifundisha kuzing'oa kwa sifongo iliyofungwa nyuzi, ikapitishwa puani na kuvutwa kinywani. Matabibu wa Kiarabu waliziita bawasiri za pua, neno lile lile ambalo lugha yetu imelihifadhi kwa ajili ya maradhi ya upande mwingine wa mwili. Na al-Zahrawi, mpasuaji wa Cordoba aliyefariki yapata mwaka 1013, alieleza namna ya kuzivuta kwa kulabu na kuzikata, kisha kupitisha uzi wenye mafundo ili kusafisha mabaki. Nataja haya kwa kuwa lalamiko la wahenga hao halijabadilika: nyama hukatwa, nyama hurudi.

Sababu ya kurudi kwake imefahamika katika zama zetu. Utando wa pua ni mlinzi, na ukichubuliwa na vumbi, moshi au vijidudu hupiga mbiu. Mbiu hiyo ni kijiprotini kiitwacho TSLP, nacho huwaamsha askari wa mwili ili watume wajumbe wao, wanaoitwa interlukini. Katika aina ya uvimbe iliyochunguzwa kuliko zote, wajumbe watatu ndio wenye amri. Interlukini 5 huziita kutoka uboho zile chembe nyeupe ambazo Paul Ehrlich alizipambanua mwaka 1879 kwa kuwa zilipenda kunyonya rangi ya eosini, zikapata jina la eosinofili. Interlukini 4 na 13 huongeza ute, hulegeza utando, na kuuhimiza mwili utengeneze kingamwili za aina ya E, ambazo ndizo mawakala wa mzio. Mbiu ikishapigwa haikomi. Mpasuaji huondoa nyama, lakini mbiu ingali inalia ndani ya utando uliobaki. Huko Ghent, Ubelgiji, wagonjwa waliofanyiwa upasuaji walifuatiliwa kwa miaka 12, na takriban 8 katika kila 10 walikutwa nyama zimerudi, zaidi ya theluthi wakiwa wamekwisha kupasuliwa tena.

Dawa za kibayolojia hazigusi nyama, zinainyamazisha mbiu. Asili yake ni ugunduzi wa mwaka 1975, pale Georges Köhler wa Ujerumani na César Milstein wa Argentina, wakifanya kazi Cambridge, walipoweza kuunganisha chembe inayotengeneza kingamwili na chembe ya saratani isiyokufa, wakapata kiumbe kidogo kinachozalisha kingamwili za aina moja tu bila kuchoka. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne, na njia yao haikuwahi kufungiwa kwa hataza. Mimi huliwaza sana jambo hilo kila ninapotazama bei ya dawa zilizozaliwa na njia hiyo.

Ya kwanza kuidhinishwa kwa nyama za pua ilikuwa dupilumabu, Marekani, mwezi Juni mwaka 2019, nayo huziba mlango ambao interlukini 4 na 13 huutumia kuingiza amri zao katika chembe. Huchomwa chini ya ngozi, miligramu 300 kila baada ya wiki mbili. Ikafuata omalizumabu mwaka 2020, inayozikamata kingamwili za aina ya E, kisha mepolizumabu mwaka 2021, inayomzuia mjumbe wa 5, na mwaka 2025 tezepelumabu, inayokwenda kuikaba mbiu yenyewe pale inapoanzia. Ipo pia depemokimabu, iliyojaribiwa kwa kuchomwa mara moja kila miezi sita, na kwa nchi ya masafa marefu kama Ngorongoro naitazama habari hiyo kwa makini kuliko zote.

Je, zinafaa? Zinafaa, na insafu inatutaka tuseme hivyo bila kumung'unya maneno. Katika majaribio mawili makubwa ya dupilumabu, yaliyochapishwa mwaka 2019 na kuwahusisha watu 724, takriban robo tatu ya waliopewa dawa walianza wakiwa hawasikii harufu yoyote, na mwisho wake sehemu hiyo ilishuka ikawa robo au zaidi yake kidogo. Mahitaji ya upasuaji au ya vidonge vya steroidi yalipungua kwa kadiri ya robo tatu. Katika jaribio la tezepelumabu, wagonjwa walioonekana wanahitaji kupasuliwa walikuwa chini ya 1 katika 100 kwa waliopata dawa, na 22 katika 100 kwa waliochomwa sindano tupu. Lakini hapana hata moja kati ya dawa hizi inayoponya kwa maana ya kumaliza. Mtu akiacha, mbiu huanza tena, na nyama hurudi pole pole. Kwa hiyo anayeanza anajifunga na jambo ambalo mwisho wake haujulikani.

Sasa nafika mahali ambapo Soitsambu yenyewe inatoa hoja. Hizo eosinofili na kingamwili za aina ya E, ambazo katika pua ya mtu wa Stockholm au Chicago zinaonekana kama askari waliokosa kazi wakaanza kuvunja nyumba ya bwana wao, hazikuwekwa mwilini bure: ni jeshi la kale la kupigana na minyoo. Na wilaya ya Ngorongoro, ambako watu, ng'ombe, mbuzi na mbwa huishi boma moja, ni nchi ambayo jeshi hilo lingali na vita vya kweli. Uvimbe wa maji katika ini na mapafu, unaoletwa na mnyoo wa mbwa, unajulikana huko tangu zamani. Minyoo ya tumbo ni mazoea ya utotoni. Na upo mnyoo wa jamii ya strongiloidi, unaopenya ngozi ya unyayo na kuweza kukaa mwilini miaka mingi kwa kujizalisha humo humo, mwenyewe asijue.

Kutokana na hayo yanazuka matatizo mawili ambayo waandishi wa miongozo ya Ulaya hawakulazimika kuyafikiria sana. La kwanza ni la kipimo. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2020, uitwao EPOS, ulitaka mgonjwa aliyekwisha kupasuliwa atimize masharti matatu kati ya matano ndipo apewe dawa hizi, na sharti mojawapo lilikuwa ushahidi wa uvimbe wa aina hiyo: eosinofili 250 au zaidi katika kila maikrolita ya damu, au 10 na zaidi katika kila eneo la nyama linaloonekana chini ya hadubini, au kingamwili za aina ya E zikifika 100. Mchunga ng'ombe wa Soitsambu aweza kuvivuka viwango vya damu kwa ajili ya minyoo peke yake, pua yake ikiwa salama salimini. Kwa hiyo damu, ambayo kwingineko ni shahidi mwaminifu, hapa ni shahidi anayesema mambo mawili kwa kauli moja. Na shahidi wa kusikilizwa ni kipande cha nyama yenyewe. La pili ni la hatari. Watu wenye minyoo walizuiwa kuingia katika majaribio makubwa, na maelekezo ya dupilumabu na mepolizumabu yanaagiza minyoo itibiwe kwanza. Kuinyamazisha mbiu katika mwili ambao adui wake yumo ndani ni jambo ambalo majaribio hayo hayakulipima. Nayo albendazoli, tunayoigawa mashuleni, haimtoshi strongiloidi. Yeye hutaka ivamektini.

Tena hatari hiyo haingoji dawa mpya ifike, kwani imekwisha kufika na dawa ya zamani. Prednisoloni, steroidi ya kumeza, ni kidonge cha bei nafuu, hupunguza nyama za pua kwa siku chache kana kwamba ni muujiza, na mgonjwa aliyeonja nafuu hiyo atakitafuta tena na tena hata pasipo cheti. Lakini steroidi za kumeza, zikirudiwa, huamsha kifua kikuu kilicholala, hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa. Na kwa mwenye strongiloidi huwafungulia minyoo njia ya kutapakaa mwili mzima, na ajali hiyo huua. Kwa hiyo ninaposikia ikisemwa kwamba dawa za kibayolojia ni anasa ya matajiri na sisi tunazo njia zetu rahisi, moyo wangu haukubali. Njia rahisi nayo ina gharama, ila gharama hiyo haiandikwi kwenye stakabadhi.

Ama bei, na iandikwe. Marekani dupilumabu huorodheshwa kwa zaidi ya dola 3,000 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi milioni 7 za Tanzania, ambazo ni ng'ombe kadhaa kutoka zizini kila mwezi, bila ukomo. Hata huko kwenye utajiri wamepiga hesabu: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha maisha ya mgonjwa anayetibiwa kwa upasuaji na ya yule anayetibiwa kwa dupilumabu tangu mwanzo, ukakuta ya kwanza yanagharimu dola 50,000 hivi na ya pili zaidi ya dola 530,000, huku upasuaji ukitoa afya isiyopungua ile ya sindano. Hesabu hiyo haiivunji dawa, bali inaiweka baada ya kisu, kwa wale ambao kisu kimewashinda.

Walakini bei si kudura. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza trastuzumabu, kingamwili ya saratani ya matiti, katika orodha yake ya dawa muhimu, na mwaka 2019 adalimumabu ya magonjwa ya viungo, wakati ambapo viwanda vingine vilikuwa vimeanza kutengeneza mifano yake kwa bei ya chini. Omalizumabu nayo imekwisha kupata mfano wake, ulioidhinishwa Ulaya mwaka 2024 na Marekani mwaka 2025. Nyama za pua hazitakuwa za kwanza kushukiwa na rehema hiyo, lakini hazina sababu ya kuwa za mwisho. Na Tanzania, iliyotunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, itabidi siku moja iamue ni dawa zipi za namna hii zitaingia katika kitita, na nani atakayezistahiki.

Turejee kwa mama yetu, tutazame njia iliyo mbele yake hivi leo. Hospitali ya karibu ni Wasso, iliyoasisiwa katika miaka ya 1960 na Herbert Watschinger, padri na daktari kutoka Austria, na vizazi vya wilaya ile vinaikumbuka kazi yake. Lakini kuchungulia pua kwa kamera, kupiga picha ya CT na kupasua sainasi kwa ustadi ni kazi za bingwa wa masikio, pua na koo, na kwa watu wa kaskazini mlango wake mkubwa ni hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, safari inayozunguka nchi nzima ya volkano na Bonde la Ufa, kisha Arusha, kisha mbele tena. Sindano inayotaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, ikivumilia siku 14 tu nje ya jokofu katika joto lisilozidi 25, ingefuata njia hiyo hiyo kwa mwelekeo wa kinyume, kila wiki mbili.

Wilaya hii inajua kiu ya tiba ilivyo. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, tarafa ya Sale, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile aliwapa watu kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, na magari yakapanga foleni za kilometa nyingi, wagonjwa wakitoka Nairobi, Dar es Salaam na ng'ambo ya bahari. Somo ninalolichukua kwangu ni hili: watu wa nchi hii wako tayari kusafiri, kungoja na kulipa, wakiamini kwamba kikombe ni kimoja na maradhi yatakwisha. Maradhi sugu yanadai imani ya namna nyingine, ya kila siku, isiyo na siku ya ushindi. Na imani hiyo haitangazwi na mtu yeyote.

Kwa nyama za pua imani ya kila siku ni kuosha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, na kupuliza steroidi ya puani, ambayo kiasi chake kinachoingia katika damu ni kidogo mno. Budesonidi ya kupuliza imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Wagonjwa wengi wangetulia hapo. Lakini mtu akiingia duka la dawa lililo karibu na kusema pua imeziba, aghalabu hupewa matone ya kuzibua, ambayo hufungua pua kwa saa chache na, yakitumiwa zaidi ya siku chache, huifunga kwa ukali kuliko mwanzo; au hupewa antibiotiki, kwa maradhi ambayo mara nyingi hayakuletwa na bakteria. Na mwenye nyama za pua aliye pia na pumu aulizwe, kabla ya kuuziwa aspirini au diklofenaki ya mgongo, kama vidonge hivyo vimewahi kumbana pumzi, kwa kuwa mambo hayo matatu huandamana, na shambulio lake ni la ghafula na la hatari.

Moshi je? Nyumba ya Kimaasai, enkaji, ina tundu dogo la mwanga, na mwanamke ndiye anayeijenga, anayeiwasha moto na anayeuvuta moshi wake. Siwezi kusema moshi ndio unaozizalisha nyama hizi. Ila utando uliochubuliwa ndio unaopiga mbiu, na kuipa nyumba njia ya kutolea moshi kunagharimu chini ya sindano moja.

Ninayoyataka kwa Soitsambu, kwa hiyo, hayaanzi na jokofu la sindano, wala hayaikatai. Kila nyama inayokatwa Moshi kutoka pua ya mtu wa Ngorongoro isiishie katika ndoo. Iwekwe chini ya hadubini na eosinofili zake zihesabiwe, choo na damu ya mwenyewe vipimwe minyoo, atibiwe, kisha damu ipimwe tena baada ya miezi, ili kwa mara ya kwanza ijulikane ni wangapi miongoni mwao wanapigwa na ile mbiu ya aina inayonyamazishwa na dawa mpya, na wangapi wana uvimbe wa namna nyingine ambao sindano hiyo isingewafaa hata ingetolewa bure. Daftari la namna hiyo, likijazwa kwa uaminifu miaka mitano, litakuwa na nguvu mbele ya wenye bima na wenye viwanda kuliko maombi elfu. Na wakati daftari likijazwa, kichupa cha kupuliza kiwepo zahanati, na awepo muuguzi wa kumwonesha mama yule namna ya kukishika: kichwa kikiwa kimeinama kidogo, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, ncha ikielekezwa pembeni upande wa jicho, si katikati kwenye ukuta unaotoa damu, asubuhi na jioni, kwa miezi mitatu bila kuruka siku, kisha kibuyu kisogezwe karibu aulizwe kama anasikia kitu.